Mchanga wa Nyumba Zetu Unatoka Katika Shamba la Nani?

Kwa Mzanzibari anayeishi nje, awe Muscat, Dubai, London au Toronto, ni azma chache zinazoshinda ile ya kujenga nyumbani. Mtu hukaa miaka kumi katika chumba cha kupanga, akajibana kwa kila kitu, ili mradi kila baada ya muda apeleke chochote kwa kaka au mjomba anayesimamia ujenzi. Simu zinazopigwa huulizia saruji imefika bei gani, nondo zimetosha au bado, fundi amefikia wapi. Mchanga hutajwa mara moja tu, kwamba zimeletwa gari ngapi na zimegharimu kiasi gani. Umetoka wapi, hatuulizi.

Sisi tunaona wakati umefika wa kuuliza. Sehemu kubwa ya mchanga unaojengea Unguja hautoki pwani, kwani kuchimba ufukweni ni marufuku. Unatoka bara ya kisiwa, chini ya makonde ya muhogo, migomba na minazi. Kila gari linalomwagwa kwenye kiwanja cha mmoja wetu limeacha nafasi tupu katika ardhi iliyokuwa ikilimwa au ambayo ingeweza kulimwa.

Kusema hivi si kudai kwamba uchimbaji usimame. Watu wanahitaji nyumba, skuli na hospitali, na wapo vijana wengi wanaopata riziki yao kwa kupakia mchanga. Tunachotaka kueleza ni kwamba shimo la mchanga linaweza kuacha shamba nyuma yake, au likaacha jangwa, na tofauti baina ya mawili hayo huamuliwa mapema sana, kabla gari la kwanza halijaondoka.

Kisiwa chenye ardhi za aina mbili

Unguja ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,660, lakini si zote zinalimika kwa namna moja. Mashariki na kusini ni uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo uliojificha katika nyufa. Magharibi na kaskazini magharibi ndiko kwenye udongo wa kina, na huko ndiko yaliko mashamba ya minazi, mikarafuu, muhogo na mabonde ya mpunga. Bahati mbaya ni kwamba mchanga mzuri wa kujengea nao umo humo humo kwenye ardhi ya kina. Sehemu kama Donge, Pangatupu na Kiombamvua, katika Wilaya ya Kaskazini B, zimejulikana kwa miaka mingi kwa mashimo yake ya mchanga.

Mengi ya mashamba ya upande huu ni yale ambayo wananchi waligaiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Eka tatu si nyingi. Aliyegaiwa alikuwa na watoto, watoto wamepata wajukuu, na ardhi haikuongezeka. Mchanga ukichimbwa katika eka moja tu, thuluthi ya urithi wa ukoo mzima imeondoka.

Watu nao wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Katika miaka kumi wameongezeka zaidi ya watu 586,000, na kila mmoja wao anahitaji paa na ukuta. Tukiongeza mahoteli, barabara na nyumba za sisi tulio nje, ambazo nyingine hukaa miaka bila ya mtu ndani yake, tutaelewa kwa nini magari ya mchanga hayapumziki.

Tatizo hili si la Zanzibar peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya 2022, lilikadiria kuwa dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Ndugu zetu walioko Ghuba huenda wakashangaa vipi mchanga uadimike ilhali wao wamezungukwa nao. Jibu ni kwamba chembe za mchanga wa jangwani zimesuguliwa na upepo mpaka zimekuwa laini na za mviringo, kwa hivyo hazishikamani vizuri na saruji. Zege linataka mchanga wenye chembe za pembepembe, na huo haupatikani kila mahali.

Kinachopotea ni sentimita chache za juu

Mtu anayetazama shimo la mchanga huona ukubwa wake, akadhani hasara ni kile kilichochukuliwa. Kwa mkulima hasara kubwa iko kwingine. Mimea mingi ya chakula hupata karibu riziki yake yote katika udongo wa juu, kiasi cha sentimita 20 hadi 30. Humo ndimo yalimo mboji, minyoo, vijidudu na mizizi iliyooza ya miaka mingi. Mchanga ulio chini yake hauna chakula cha mmea, na maji yakimiminwa juu yake hupita moja kwa moja.

Udongo huo wa juu, katika uchimbaji wa ovyo, ndio wa mwanzo kuharibiwa. Kijiko kinapoingia shambani hukwangua juu, na kilichokwanguliwa ama huchanganywa na mchanga, ama husukumwa pembeni kikachukuliwa na mvua, ama huuzwa kwa wanaotaka udongo wa bustani. Shimo likifungwa baadaye, hata likijazwa kifusi mpaka juu, hakuna tena cha kuoteshea. Ndiyo maana utaona mashimo yaliyoachwa miaka mingi hayaoti ila majani makavu na vichaka.

Madhara mengine hufuata. Kingo za shimo zilizoachwa wima humomonyoka kila masika na kulila shamba la jirani ambaye hakuuza hata ndoo moja ya mchanga. Maji hutuama chini, mbu wakazaliana na watoto wakaingia kuogelea mahali pasipojulikana kina chake. Njia za shamba huchimbika kwa uzito wa magari, hata mkulima aliyebaki hushindwa kutoa mazao yake.

Halafu kuna suala la maji. Unguja haina mito mikubwa wala maziwa, na maji ya kunywa kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, katika visima na chemchemi. Tabaka la mchanga ndilo kichujio chake: mvua hunyesha, maji yakashuka taratibu, yakasafika njiani. Ukichimba mpaka karibu na usawa wa maji umeondoa kichujio, na ukichimba mpaka yakatokeza umeyafungua kwa kila uchafu. Shimo hilo likigeuzwa jaa la taka, kama inavyotokea mara nyingi, basi taka zimewekwa juu ya maji ya kunywa ya watu.

Hesabu ya eka moja

Tufanye hesabu ndogo. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Mchanga ukichimbwa kwa kina cha mita 3 tu, hutoka mita za ujazo zipatazo 12,100. Tukichukulia kwamba gari la kawaida linabeba mita za ujazo 5, hizo ni gari zaidi ya 2,400. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, kwa matofali, msingi, zege na ripu, tukiikadiria gari 15, eka moja inajenga nyumba zipatazo 160.

Sasa tuhesabu udongo wa juu. Sentimita 30 katika eka hiyo hiyo ni mita za ujazo zipatazo 1,200. Gawa kwa gari 2,400 na utapata nusu mita ya ujazo. Maana yake ni kwamba kwa kila gari moja la mchanga linalouzwa, kinachotakiwa kuwekwa pembeni na kurudishwa ni nusu mita ya ujazo ya udongo, yaani sehemu moja ya kumi ya kile kilichobebwa na gari. Huo ndio mzigo wote unaotenganisha shamba na jangwa.

Kwa hivyo mtu akisema kurudisha ardhi ni jambo la nchi tajiri, hesabu haimuungi mkono. Ukifanywa wakati kijiko kiko shambani na mchanga unauzwa, ni mzigo mdogo. Kinachogharimu sana ni kurudi baada ya miaka kumi kutafuta udongo ambao haupo tena.

Jinsi ya kuchimba na kubakisha shamba

Wataalamu wa udongo na wa machimbo wanakubaliana juu ya mambo ya msingi, nayo ni mepesi kueleweka.

Kwanza ni kupima kabla ya kuchimba. Ichimbwe tundu ndogo katika sehemu kadhaa za shamba ili ijulikane udongo wa juu una unene gani, mchanga unafika wapi, na maji yako kina gani wakati wa masika yanapopanda. Ardhi yenye udongo bora kabisa, mabonde ya mpunga na maeneo ya karibu na visima yaachwe.

Pili, udongo wa juu ukwanguliwe peke yake na kulundikwa peke yake. Lundo lisiwe refu kupita mita 2 au 3, kwani udongo wa ndani hukosa hewa na vilivyo hai humo hufa. Juu yake ipandwe kunde au mimea mingine ya kutambaa ili mvua isiuchukue. Kazi hii ifanywe udongo ukiwa mkavu. Udongo ulioloa ukikanyagwa na mashine hushindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Kwa Unguja, miezi inayofaa ni ile ya kiangazi baada ya vuli, na ya kipupwe baada ya masika.

Tatu, shamba lichimbwe kwa vipande. Kipande cha kwanza kikimalizika, udongo wa juu wa kipande cha pili uletwe moja kwa moja kufunika cha kwanza, na kuendelea hivyo. Kwa njia hii hakuna wakati ambapo eka zote ziko wazi, na mwenye shamba huendelea kulima upande mmoja huku upande wa pili ukichimbwa.

Nne, kina kiwe na mwisho. Uchimbaji usimame juu ya usawa wa maji kwa kiasi cha kutosha, na kingo zilazwe kwa mteremko ambao mtu anaweza kuupanda kwa miguu bila ya kushika chochote. Kuwe na ukanda usiochimbwa baina ya shimo na shamba la jirani, njia, nyumba na makaburi.

Tano ni kurudisha. Sakafu ya shimo ipasuliwe kwanza kwa jembe la trekta kwa kuwa imeshindiliwa na magari, ndipo udongo wa juu utandazwe. Mwaka wa kwanza na wa pili ipandwe mimea ya jamii ya kunde, kama mbaazi na choroko, ambayo hurutubisha ardhi, na iongezwe samadi. Muhogo usubiri. Ardhi iliyorudishwa itakuwa chini kuliko ilivyokuwa, lakini shamba la bondeni nalo ni shamba, ikiwa maji yamepewa njia ya kutoka.

Waliotangulia

Jirani zetu wa Kenya wana mengi ya kutufunza. Mwaka 2007 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilitoa mwongozo wa taifa wa uvunaji wa mchanga. Kwa mchanga wa mashambani, mwongozo huo ulikataza kuchimba mahandaki chini ya ardhi, ukaweka kikomo cha kina, na ukataka sehemu iliyochimbwa irudishwe huku uchimbaji ukiendelea, si baadaye. Kaunti ya Makueni, ambako mito ya msimu ilikuwa ikiachwa miamba mitupu, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 ilitunga sheria yake yenyewe ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka maalumu ya kuusimamia. Haikuwa kazi rahisi. Watu wamepoteza maisha katika eneo hilo kwa kuwapinga wachimbaji haramu.

Mfano mwingine uko Bamburi, karibu na Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi katika miaka ya 1950 kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe na kuacha uwanja mkubwa mweupe, wenye joto na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kujaribu miti ya aina mbalimbali humo. Mingi ilikufa. Mvinje ulistahamili, kwani mizizi yake ina vijidudu vinavyoupatia chakula kutoka hewani. Majani yake yalipoanguka hayakuoza kwa urahisi, basi wakaletwa jongoo, wakayala na kuyageuza mboji. Udongo ukaanza kujengeka, miti mingine ikafuata, na mahali hapo leo ni hifadhi inayotembelewa na watu kutoka kila upande.

Walakini tusijidanganye. Bamburi ilichukua miaka mingi, na kilichopatikana ni msitu, si konde la muhogo. Pale udongo ulikuwa umeshapotea, ikabidi utengenezwe upya tangu mwanzo. Anayeuhifadhi udongo wake siku ya kwanza hahitaji kuwangoja jongoo.

Wasomaji wetu walioko Uingereza nao wamezungukwa na mifano bila ya kujua. Maziwa mengi yanayoonekana magharibi ya London karibu na mto Thames ni mashimo ya zamani ya mchanga na kokoto, na Thorpe Park, wanakopelekwa watoto siku za mapumziko, imejengwa katika shimo la aina hiyo lililojaa maji. Sheria ya mwaka 1981 iliwapa wenye mamlaka ya mipango uwezo wa kumtaka mchimbaji, baada ya kurudisha udongo, aitunze ardhi kwa muda, kwa kawaida miaka 5, mpaka ifae tena kwa kilimo au misitu. Mwaka 2002 ikaongezwa kodi kwa kila tani ya mchanga, kokoto na mawe mapya, iliyoanza kwa pauni 1.60, ili kifusi cha majengo ya zamani nacho kipate soko.

Nani alipe?

Zanzibar haikukosa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 ipo, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ipo. Uchimbaji wa mchanga unahitaji kibali. Tatizo, kwa maoni yetu, ni kwamba kibali humwambia mchimbaji aanze lini na achimbe wapi, lakini pesa za kurudisha ardhi hazionekani zimewekwa wapi. Ahadi ya kurejesha shamba iliyotolewa na mtu ambaye mchanga wake umeshauzwa na gari lake limeshaondoka haina nguvu.

Dawa yake inajulikana. Mchimbaji aweke dhamana kabla hajaanza, kiasi kinachotosha kurudisha kipande anachokichimba. Akimaliza na kukirudisha, akaguliwe na wataalamu pamoja na sheha na mwenye shamba, ndipo arejeshewe pesa zake au apewe kipande cha pili. Asiporudisha, dhamana hiyo itumike kumlipa mwengine aifanye kazi.

Mkulima naye afikiriwe upya. Kwa kuwa ardhi ya Zanzibar kisheria ni mali ya umma, kinachohesabiwa kwa urahisi wakati wa fidia ni vilivyo juu yake: minazi mingapi, miembe mingapi. Udongo wenyewe haumo katika hesabu. Mtu hulipwa thamani ya mnazi, pesa zikatumika katika harusi au matibabu, na baada ya hapo hana mnazi wala pa kupanda mwingine. Fidia ya haki ingekuwa na sehemu mbili, malipo ya mazao yaliyoondoshwa na shamba lililorudishwa likiwa linalimika.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yatapandisha bei ya mchanga. Ni kweli, yatapandisha. Bei ya sasa inaonekana nafuu kwa sababu sehemu yake inalipwa na mtu mwengine: mkulima aliyebaki na shimo, jirani aliyeliwa ukingo wa shamba lake, na mama anayeteka maji katika kisima kilichoharibika. Wala kupiga marufuku moja kwa moja si suluhisho. Mchanga ukikatazwa mchana huchimbwa usiku, na ukikosekana shambani watu hurudi ufukweni.

Wajibu wetu sisi tulio nje

Ni rahisi kwetu kuilaumu serikali kutoka mbali. Lakini sisi ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa mchanga huo, na mnunuzi ana nguvu yake.

Tunaweza kuanza kwa kuuliza. Unapompigia simu kaka yako, muulize gari la mchanga limetoka shehia gani, na kama mchimbaji wake ana kibali. Wakiuliza watu 10 haitabadilika kitu. Wakiuliza watu 1,000, mchimbaji mwenye kibali atakuwa na sababu ya kukionyesha.

La pili ni kutumia mchanga kidogo. Tofali lenye matundu linajenga ukuta imara kwa mchanga pungufu. Kifusi cha nyumba ya zamani kinafaa kujazia msingi. Mawe yakisagwa hutoa mchanga unaofaa kwa baadhi ya kazi. Na kabla ya hayo yote, tujiulize kama tunahitaji kweli vyumba sita, ukuta wa kuzunguka na baraza mbili kwa nyumba tunayokwenda kulala wiki tatu kila baada ya miaka miwili.

La tatu ni jumuiya zetu. Zipo jumuiya za Wazanzibari karibu kila mji mkubwa tunakoishi, na nyingi huchangia skuli na visima. Mradi wa kurudisha eka moja ya shimo la zamani, kwa ushirikiano na wakulima na wataalamu wa kilimo, haungekuwa mkubwa kuliko uwezo wao. Eka moja iliyorudi kuota muhogo ingewafunza watu kuliko warsha nyingi za hotelini.

Zanzibar bado inaagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mchele inaoula, na chakula kingine huvuka bahari kutoka bara. Kisiwa cha namna hiyo hakina eka za kuchezea. Tunajenga ili watoto wetu wapate pa kurudi, na hilo ni jambo jema. Lakini watoto hao watakaporudi watahitaji kula na kunywa, na chakula hicho na maji hayo vinatoka katika ardhi ile ile tunayoichota kwa gari.